Mfereji wa Kisabengo

Katikati ya Aprili 1871, masika yakiwa yamekolea, msafara wa Henry Morton Stanley uliokuwa ukimtafuta Livingstone ulifika chini ya milima ya Uluguru ukitokea Bagamoyo. Mwendo wa maili 119, wa vituo 14 tu, ulikuwa umekula siku 29 kwa sababu ya shida za masika na, zaidi, kuchelewachelewa kwa msafara wake wa nne. Hapo, kwenye bonde la mto Ngerengere, wasafiri walikuta Simbamwene, mji uliozungushiwa ukuta wa mawe. Stanley hakuwa mgeni wa ngome. Mwaka uliotangulia alikuwa amepita Uajemi, na aliandika kwamba katika maili 950 za safari yake huko, ukiacha miji mikuu, hakuona mji uliolindwa vizuri kuliko huu. Tena akaongeza kuwa hata kuta za Tehran, Isfahan na Shiraz zilikuwa za udongo, ilhali za Simbamwene zilikuwa za mawe. Mji ulikuwa wa pembe nne, eneo lake karibu nusu maili ya mraba. Kila pembe ilikuwa na mnara wa mawe. Malango yalikuwa manne, kila moja likielekea upande wake wa dunia, katikati ya minara miwili. Ukuta ulitobolewa safu mbili za matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki. Ndani kulikuwa na nyumba kama 1,000, na wakazi aliwakadiria kuwa 3,000, kisha akasema kwa jinsi walivyobanana, 5,000 huenda ikawa karibu zaidi na kweli.

Tambarare hiyo leo ni Manispaa ya Morogoro, na Mwembesongo ni moja ya kata zake. Apitaye hapo huona mabati, vibanda vya biashara, bodaboda zikipishana, na Uluguru upande wa kusini imejifunika mawingu. Mnara haoni, lango haoni. Jina la mji limebaki katika masimulizi na vitabuni, na linapotajwa huandamana na mambo mawili: ukuta wa Kisabengo, mtawala aliyeujenga mji, na binti yake aliyeurithi mji pamoja na jina lake. Mimi nasema kuna jambo la tatu linalostahili kutangulia hayo yote, nalo ni mfereji. Kisabengo alichimbisha mfereji wa kina kirefu ili kulileta tawi la Ngerengere karibu na mji wake, na Stanley, aliyeutaja kwa maneno machache sana, anasema huo ndio uliokuwa fahari na majivuno ya mzee yule. Ukuta unatueleza Kisabengo aliogopa nini. Mfereji unatueleza alikusudia kujenga nini, na alichokusudia ni kikubwa kuliko maficho ya mteka watu: alikusudia mji wa kukaa, wenye maji yake na chakula chake, utakaodumu baada ya yeye kufa. Anayetaka kuielewa Simbamwene aanzie kwenye maji.

Ukuta wenyewe ndio unaoleta pingamizi la kwanza. Stanley aliona ramani ya ngome ile imetoka kwa Waarabu na Waajemi, na ni rahisi kuridhika na maelezo hayo, kwamba Simbamwene ilikuwa kipande cha pwani kilichobebwa hadi bara. Kuna ukweli ndani yake. Nyumba ya mtawala ilikuwa na paa refu la mteremko, upenu mpana na baraza mbele, sawasawa na nyumba za pwani. Bunduki za gumegume zilitoka Unguja, na baruti vivyo hivyo. Lakini hebu tuitazame milango kwa karibu, maana Stanley aliitazama kwa karibu. Malango yalifungwa kwa milango mizito ya mraba, ya mbao ngumu alizozifananisha na msaji, bila shaka mvule, iliyochorwa nakshi nyembamba zilizofumana. Dhana yake ya kwanza ilikuwa kwamba milango ile ilitengenezwa Unguja au mrima, ikasafirishwa ubao kwa ubao hadi Uluguru. Kisha akasita, kwa sababu ndani ya mji aliona nyumba kubwa kadhaa zenye milango ya nakshi za namna ile ile, ingawa hazikufikia ustadi wa zile za malangoni. Kusita kwake kuna maana kuliko dhana yake. Mlango mmoja wa fahari unaweza kuagizwa kutoka mbali kwa amri ya mtawala. Milango mingi ya daraja la pili, kwenye nyumba za watu tofauti, ni dalili ya mafundi waliokaa mjini, wenye wanagenzi wanaojifunza kwa kuiga na wateja wanaolipa kadiri ya uwezo wao. Mji wenye mafundi seremala wa nakshi si kambi ya vita.

Mfereji, kwa upande wake, hauwezi kuhesabiwa kuwa mali ya pwani hata kidogo. Miji ya Waswahili iliishi kwa visima na mabirika. Kilwa, Gedi na Bagamoyo hazikuhitaji kuugeuza mto. Ustadi wa kuyatoa maji mtoni na kuyaongoza mahali yasikokwenda yenyewe ni ustadi wa bara, na Afrika Mashariki inao kwa karne nyingi. Huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wakulima walijenga mifereji na vitalu vya mawe vilivyotumika kati ya karne ya 15 na ya 18. Wachagga wana mifongo yao Kilimanjaro, Wapare wana ndiva za kuhifadhia maji ya usiku, Wamarakwet wa Kenya wameyashusha maji kwenye genge la Kerio kwa mifereji inayosimamiwa na koo. Kwenye Uluguru kwenyewe, wakulima wa Mgeta hadi leo huongoza vijito hadi kwenye bustani zao za mboga mteremkoni. Kwa hiyo Simbamwene iliunganisha elimu mbili: ngome iliyovaa sura ya pwani, na maji yaliyoongozwa kwa maarifa ya bara. Anayeiita nakala ya Uarabuni ameiangalia nusu.

Tena mfereji una masharti ambayo ukuta hauna. Ukuta hujengwa kipande kwa kipande, na kila kipande kina faida yake siku kilipokamilika. Mfereji usiofika mwisho haumfaidii mtu. Lazima aliyeupanga ajue tangu siku ya kwanza maji yatatoka wapi na yataingilia wapi, na ajue mteremko: ukizidi, maji yanakula kingo, ukipungua, mchanga unajaa na maji yanasimama. Kila masika unaletewa tope na magogo kutoka milimani, na kila kiangazi lazima watu waingie na majembe kuuzoa, la sivyo baada ya miaka michache unakuwa bwawa la mbu. Kazi hiyo inahitaji mamlaka inayokubaliwa mwaka baada ya mwaka. Na faida zake zilikuwa wazi kwa kila aliyelala ndani ya ukuta. Watu 3,000 au 5,000 waliobanana hawawezi kutegemea ndoo zinazochotwa mbali, hasa wakati wa vita, ambapo njia ya mtoni ndiyo mahali pa kwanza adui anapovizia wanawake na watoto. Misafara iliyopita, ambayo kila mmoja ulikuwa na makumi au mamia ya wapagazi, ilitafuta vitu viwili kabla ya vingine vyote: maji na nafaka. Mji wenye vyote viwili chini ya ukuta wake hauhitaji kuukimbiza msafara. Msafara unakuja wenyewe.

Kisabengo alikuwa nani? Alikuwa Mzigua wa asili ya chini, na habari zake zinaanza kwenye misukosuko iliyolikumba eneo lote la nyuma ya mrima. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliivunja Uzigua. Watu walijiuza au waliuzwa wapate kula, wakapakiwa majahazini, na wajukuu wao wapo hadi leo kando ya mto Juba huko Somalia, wakisema lugha ya Kizigua. Baada ya njaa zikaja bunduki, na waliozipata mapema waliwageukia jirani zao wasio nazo. Kisabengo alijitokeza katika dunia hiyo kwa nguvu za mwili, ufasaha wa kusema na ucheshi, akawavuta watumwa waliotoroka mabwana zao, nao wakamfanya kiongozi wao. Sultani wa Unguja alimtaka. Akakimbilia Ukami, akapigana, na Wakami wakamwachia sehemu kubwa ya bonde la Ngerengere. Richard Burton, aliyepita nchi jirani ya Ukutu mwaka 1857, tayari alimtaja kuwa mtu wa kuogopwa kwa utekaji wa watu.

Hapa ndipo pingamizi zito kuliko yote linapoingia, na halipaswi kupitiwa juu juu. Mtu anaweza kusema: huyu alikuwa mwizi wa watu, aliyetoka kwa watumwa akageuka kuwawinda wengine, mfereji wake, kama ukuta wake, ulichimbwa na mateka, kwa nini basi tuuite ujenzi wa mji badala ya kuuita kaburi la jasho la watu? Kuhusu uovu wake sina la kutetea. Vijiji vya Ukutu na Ukami vilivyochomwa vilichomwa kweli, na ikiwa mikono iliyochimba mfereji ilikuwa na minyororo, historia lazima iseme hivyo. Ila uovu wa mjenzi haufuti swali la alichojenga. Ngome zinazotembelewa na watalii kwenye pwani ya Uskoti zina historia ya namna hiyo hiyo. Dunnottar, iliyosimama juu ya mwamba ulioingia baharini karibu na Stonehaven, inasifiwa kwa kuwa hapo vilifichwa taji na fimbo ya kifalme ya Uskoti ilipozingirwa na jeshi la Cromwell, 1651 hadi 1652. Katika ngome hiyo hiyo, mwaka 1685, walisongamanishwa wanaume na wanawake 167 kwenye chumba kimoja cha chini kwa sababu ya imani yao ya dini, na baadhi yao hawakutoka salama. Waskoti hawakuchagua kati ya habari hizo mbili. Mgeni anaonyeshwa dirisha la bahari na anaonyeshwa kile chumba. Kisabengo anastahili kupimwa hivyo hivyo: aliyewatesa watu na aliyejenga mji ni mtu mmoja, na mfereji ni ushahidi wa yote mawili kwa pamoja.

Naye hakuishia kwenye kuteka. Alipozeeka aliliacha jina lililotisha, akajiita Simbamwene kwa jina la mji wake, na alipokaribia kufa aliagiza binti yake mkubwa amrithi na kulibeba jina hilo. Mtu wa kuvizia njiani hana haja ya mrithi. Mali yake hugawanywa siku anayokufa na wafuasi wake hutawanyika. Kisabengo alirithisha kitu kinachoendelea: hongo za misafara kwenye njia kuu ya Bagamoyo kwenda Unyanyembe, mashamba ya bondeni, mafundi, ukuta na mfereji. Binti aliusimamia urithi huo kwa mkono thabiti. Alimtumia Stanley wajumbe kudai hongo, naye Stanley akakataa kwa hoja kwamba msafara wake uliotangulia ulikwisha kulipa na kwamba mwenye misafara kadhaa hulipa mara moja. Baadaye askari wa Stanley waliorudi mjini kumtafuta mpishi aliyetoroka walikamatwa kwa amri ya Simbamwene, wakatiwa minyororo, silaha zao zikachukuliwa, hadi mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Thani, alipoingilia kati wakaachiwa. Mkasa huu Stanley aliusimulia kwa hasira. Ukiusoma kwa utulivu unaona mtawala mwenye wajumbe, sheria ya njia, na uwezo wa kuwashika watu wenye bunduki za kisasa bila kumwaga damu.

Mwaka mmoja baadaye ukaja mwisho wa ukuta. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja, ikazamisha vyombo bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Majuma mawili hivi baada ya hapo Stanley alipita chini ya Uluguru akirudi pwani, akakuta nchi iliyobadilika sura. Mafuriko yalikuwa yameusomba ukuta wote wa mbele wa Simbamwene pamoja na nyumba kama 50. Vijiji vya Waluguru miteremkoni vilikuwa vimeathirika vibaya. Alisema hata ukiamini robo tu ya habari alizopewa, waliokufa hawakupungua mia. Mtawala alikuwa amekimbia. Na kilichouangamiza mji, aliandika, ni ule mfereji: mto uliofurika uliufuata, ukaupasua mji, kisha ukajichimbia mkondo mpya yadi kama 300 kutoka hapo.

Maelezo haya yanakubaliana na tabia ya mito ya Uluguru. Kilele cha Bondwa, kinachouangalia mji wa Morogoro, kina zaidi ya mita 2,100, ilhali mji uko kwenye mita 500 hivi, na baina yao ni kilomita chache tu. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji hayana mahali pa kupumzika njiani. Yanafika chini yakiwa na mawe na miti. Yakifika tambarare yanatafuta njia iliyo fupi na yenye mteremko, na mfereji uliochimbwa kwa kina ni njia ya namna hiyo, iliyoandaliwa na binadamu, ikielekea moja kwa moja kwenye msingi wa ukuta. Maji yakishaingia kwa wingi yanaupanua wenyewe. Udongo chini ya mawe unasombwa, na ukuta wa mawe, kadiri ulivyo mzito, ndivyo unavyoanguka kwa kishindo. Lakini pigo lililouma zaidi, naamini, halikuwa ukuta. Ukuta ungeweza kujengwa upya kwa mawe yale yale yaliyolala pale pale. Mto uliohama haukuweza kurudishwa, na mji uliojengwa kwa ajili ya maji ukajikuta maji yamehamia kwingine. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuuweka mfereji mbele: uliueleza mji ulipokuwa hai, na ndio unaotueleza kwa nini haukusimama tena kama mwanzo.

Ataibuka wa kusema kwamba yote haya yamejengwa juu ya maneno ya mtu mmoja, mwandishi wa gazeti, aliyependa makuu na aliyeuza vitabu vyake kwa makuu hayo. Hoja hii ina haki yake. Stanley alitia chumvi mara nyingi, na makadirio yake ya watu siyachukui kama sensa. Lakini chumvi yake ilikuwa na mwelekeo: aliikuza hatari aliyoipita na kuipunguza heshima ya waliomkwaza. Simbamwene ilimkwaza. Ilimdai, ikawafunga askari wake, na hakuwa na sababu ya kuipamba. Anapoisifu kuliko miji ya Uajemi, anaisifu kinyume cha kinyongo chake, na ushahidi wa namna hiyo una uzito. Mahali ambapo simwamini ni pale alipotangaza kwamba ngome ya Kisabengo imekwisha kabisa. Verney Lovett Cameron alipopita mwaka 1873 alimkuta binti wa Kisabengo bado anatawala, ingawa nguvu zilizomtisha kila mtu enzi za baba yake zilikuwa zimepungua sana. Mji haukufa siku ukuta ulipoanguka. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni yao Morogoro mwaka 1882, mwenye nchi alikuwa Kingo, wa nyumba hiyo hiyo ya Kisabengo, na jina lake leo ni jina la kata mjini. Mwaka 1884 Carl Peters na wenzake walizunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya mikataba yao ya ulaghai, na Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikazichukua nchi hizo chini ya ulinzi wake. Wajerumani wakaweka boma lao Morogoro, na mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ikafika. Mji mpya ukakua pale ambapo njia, maji na watu walikuwa wamekwisha kukusanywa na mji wa zamani. Anayedhani Morogoro ni mji wa reli ameanza kuhesabu kwa kuchelewa.

Basi kwa nini Uskoti ina magofu ya kutembelea na Morogoro haina? Jibu la haraka, kwamba wao walijenga imara na sisi hatukujenga imara, halisimami mbele ya ushahidi. Bahari ililimega jumba kuu la ngome ya St Andrews mwaka 1801, kama Ngerengere ilivyoumega ukuta wa Simbamwene, na hakuna aliyesema maaskofu walioijenga hawakujua kazi. Dunnottar haikuangushwa na adui: mwenyewe alinyang'anywa mali baada ya uasi wa 1715, na kampuni iliyoinunua ikang'oa mapaa, sakafu na kila kilichouzika. Ingekuwa kokoto leo kama Bibi Cowdray asingeanza kuikarabati mwaka 1925. Gofu linalosimama ni kazi ya watu walioamua lisimame, wenye fedha na sheria nyuma yao, na Uingereza ilipata sheria yake ya kwanza ya kulinda mambo ya kale mwaka 1882, mwaka ule ule ambao mapadri walipiga hema Morogoro. Simbamwene ilianguka miaka 10 kabla, kwenye nchi ambayo ndani ya kizazi kimoja ilipoteza utawala wake, ikapata mabwana wapya waliohitaji mawe ya kujengea na wasiohitaji kumkumbuka Kisabengo. Mawe yaliyochongwa na kupangwa hayakai ardhini pasipo mtu wa kuyataka.

Tanzania sasa inayo sheria. Ile ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda majengo, ngome na kila muundo uliotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kisabengo alikuwa amekwisha kujulikana mwaka 1857, kwa hiyo hoja ya kuiweka kazi yake upande wa kale wa mpaka huo ni nzito, na mfereji ni muundo uliotengenezwa na binadamu kama ulivyo ukuta. Lakini anayetaka kuutafuta mji asianze kutafuta mawe. Ukuta hubebwa, shimo halibebwi. Mfereji wa kina kirefu uliovunjwa na mafuriko hujaa mchanga na changarawe za mtoni, na kujaa huko hubaki chini ya udongo kama ukanda mrefu unaotofautiana na ardhi iliyouzunguka, hata juu yake pakishalimwa au kujengwa. Mkondo wa zamani wa mto nao huacha ukanda wake. Stanley ametupa kipimo cha yadi 300 kati ya mji na mkondo uliofanyika mwaka 1872, na tunajua ngome ilikuwa ya pembe nne na ukubwa wake ulikuwa kiasi gani. Wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa udongo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambacho kiko hapo hapo Morogoro, wanaweza kuvifuata vipimo hivyo kwa kutoboa udongo, bila kubomoa nyumba ya mtu. Na kabla yao kuna watu wa kuulizwa kwa gharama ya nauli tu: mafundi wanaochimba visima na mashimo ya vyoo katika Mwembesongo na kata za jirani, ambao majembe yao ndiyo ya kwanza kukutana na mchanga wa mto mahali ambapo hakuna mto. Waulizwe ni viwanja gani, viwekwe kwenye ramani, na kazi ianze mapema, maana kila mwaka viwanja vilivyobaki wazi vinapungua.